Intaneti inakata kompyuta zikiwa nyingi: waya, ripita, ruta ya pili au kifurushi kikubwa?

Nyumba nyingi za Dar es Salaam siku hizi zina ruta moja inayobebeshwa kila kitu: laptopu ya anayefanyia kazi nyumbani, kompyuta ya mezani ya watoto, runinga, simu za familia nzima na pengine kamera ya getini. Mchana ukiwa peke yako mambo ni shwari. Ikifika saa mbili usiku, wote wamerudi, balaa linaanza. Mkutano unaganda, mtoto hawezi kutuma kazi ya shule, na anayetazama mpira anasikia goli likishangiliwa kwa jirani kabla hajaliona.

Ukiuliza, utaambiwa moja kati ya mambo matatu: ongeza kifurushi, nunua ruta kubwa, au weka ripita, kile kifaa kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyarusha tena. Yote yanahitaji hela, na inawezekana kabisa kuyafanya yote na intaneti ikaendelea kukata vilevile, kwa sababu kila moja linatibu ugonjwa wake. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza na kipimo, halafu dawa.

Inakatia upande gani?

Kuna pande mbili: kutoka kompyuta hadi ruta, na kutoka ruta hadi duniani. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `ipconfig`, kisha tafuta mstari wa Default Gateway. Utaona namba kama 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Hiyo ndiyo ruta yako. Sasa fungua madirisha mawili, uyaweke ubavu kwa ubavu. Utatumia `ping`, amri inayopima jibu linachukua milisekunde ngapi kurudi. La kwanza liandike `ping -t 192.168.1.1` (au namba uliyoiona), la pili `ping -t 8.8.8.8`, ambayo ni anwani ya Google. Yaache yatembee saa ile ile ambayo huwa panakata. Ukitaka kusimamisha, bonyeza Ctrl na C.

Madirisha yote mawili yakikatika kwa pamoja (yaani yakiandika Request timed out badala ya jibu), tatizo liko ndani ya nyumba; usimpigie mtu wa kampuni bado. La ruta likitiririka vizuri huku la 8.8.8.8 likikatika, tatizo liko nje, na hakuna ripita itakayokusaidia. Yasipokatika lakini milisekunde za 8.8.8.8 zikapanda kutoka, tuseme, 40 hadi 600 kila mtu akiwa mtandaoni, hiyo ni foleni, nayo ina dawa yake huko chini. Na kama 8.8.8.8 inajibu vizuri ila tovuti hazifunguki, kinachosumbua ni huduma ya majina (DNS), ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Badilisha DNS kwenye ruta, weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8, uone.

Rudia kipimo hicho na kompyuta mbili kwa wakati mmoja, moja imechomekwa waya na nyingine iko kwenye waifai. Ya waya ikitulia huku ya waifai ikikatika, umeshajua adui ni mawimbi. Zikikatika zote pamoja, tazama ruta yenyewe, na ukianza kuitazama ruta, anza na umeme.

Ruta mbovu au umeme mbovu?

Watu wengi hulaumu wingi wa kompyuta wakati ruta inazima na kujiwasha yenyewe. Kwenye steshenari moja ya Sinza nilimsikia kijana wa ufundi akimuuliza mwenye duka, "Shikamoo mama. Hasa inakata muda gani?"

"Marahaba mwanangu. Wakishajaa wateja tu."

Kompyuta pale dukani zilikuwa chache, ruta ingezibeba bila jasho. Kijana hakugusa kompyuta hata moja. Alisimama akakodolea macho taa za ruta. Mteja akaja na mtihani wa kutoa kopi, mashine ya fotokopi ikaanza kupasha moto, na taa zote za ruta zikazimika mara moja, kisha zikaanza kuwaka upya moja moja. Mashine na ruta vilikuwa kwenye ekstensheni moja. Fotokopi na printa za leza huvuta umeme mwingi zinapopasha moto, volti inashuka kidogo, na adapta ya ruta iliyochoka inashindwa kuhimili. Wateja wakijaa, kopi zinakuwa nyingi, na intaneti "inaelemewa". Ruta ikahamishiwa kwenye soketi nyingine, adapta ikabadilishwa.

Nyumbani mhusika anaweza kuwa pasi, jagi la umeme au pampu ya maji. Dalili ni ile ile: taa zote kuzimika kwa pamoja. Adapta mpya lazima ilingane na volti iliyoandikwa kwenye ruta, mara nyingi 12V, na ampea zisipungue zilizoandikwa. Zikizidi haina neno. Adapta ya ampea 0.5 kwenye ruta inayotaka 1.5 inaweza kuwasha taa na hata kufungua tovuti, halafu ikafa kompyuta zikiwa kazini.

Kuna wanaochomeka ruta kwenye kile kifaa cha kulinda friji wakidhani wanaipa ulinzi. Kifaa hicho kimetengenezwa kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme, ili kompresa ipumzike. Friji inafurahi, wewe unakaa bila intaneti kila volti inapoyumba. Afadhali ununue betri ndogo ya ruta, ile ya 12V inayokaa katikati ya adapta na ruta. Itabeba mtikisiko wa sekunde, na itakuvusha hata Tanesco wakikata au LUKU ikiisha katikati ya mkutano.

Waya dhidi ya waifai

Hapa nina upande. Kompyuta isiyotembea haina sababu ya kuwa kwenye waifai. Ya mezani, runinga, printa, mashine ya kamera: vyote vipewe waya, na waifai waachiwe simu na laptopu.

Sababu ni namna waifai inavyofanya kazi. Kwenye chaneli moja ni kifaa kimoja kinachozungumza kwa wakati, vingine vinasubiri zamu. Kompyuta iliyo chumba cha mwisho, nyuma ya kuta mbili, inazungumza polepole, kwa hiyo inashika zamu muda mrefu na kuwachelewesha hata walio sebuleni karibu na ruta. Ukimtoa huyo mmoja ukampa waya, nyumba nzima inapumua. Ndiyo maana wakati mwingine dawa ya laptopu ya baba ni kuvutia waya kompyuta ya watoto.

Kuta zetu nazo si mchezo. Nyumba ya matofali ya saruji, lenta za zege zenye nondo, na kama ni ghorofa, slabu katikati: mawimbi yanakufa njiani. Masafa ya 2.4 GHz yanapenya ukuta vizuri kuliko 5 GHz, lakini ndiyo yenye msongamano, kwa kuwa ruta za majirani, spika za bluetooth na hata maikrowevu viko humo humo. Kwa 2.4, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kinondoni au Sinza, kwenye nyumba zilizobanana, ukiorodhesha mitandao inayoonekana kutoka kitandani kwako utaelewa kwa nini tatu hazitoshi. 5 GHz ina nafasi na kasi, ila haifiki mbali. Basi kilicho chumba kimoja na ruta kiwe 5 GHz, cha mbali kibaki 2.4, na upana wa chaneli ya 2.4 uwe 20 MHz badala ya 40. Hiyo ni mipangilio tu, haigharimu hata shilingi, na inafaa ifanywe kabla ya kwenda Kariakoo.

Ukiamua waya, Cat5e inatosha kwa nyumba: inabeba Gbps 1 hadi mita 100. Cat6 ni nzuri kama bei haijapishana sana. Kinachotakiwa kukushughulisha dukani ni kilicho ndani ya waya. Nyaya nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa wembe: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, rudisha. Alumini inavunjika ikikunjwa, na kwa umbali mrefu inapoteza nguvu. Waya unaopita nje uwe wenye ganda jeusi la kuhimili jua, usilazwe bomba moja na nyaya za umeme, na kama unaruka kutoka nyumba kubwa kwenda chumba cha uani, ufahamu kwamba radi ya masika inaweza kuingia kwa njia hiyo hiyo hadi kwenye ruta.

Fundi akishafunga vichwa, tazama kasi inayoonyeshwa na kompyuta. Ikisema Mbps 100 wakati ruta na kompyuta zote ni za gigabiti, basi kati ya nyaya nane za ndani kuna iliyofungwa vibaya. Mbps 100 zinahitaji nne tu. Usimlipe kwanza. Milango ya ruta ikijaa, swichi ndogo ya milango mitano inamaliza kazi bila kuwekewa mipangilio yoyote.

Ripita, ruta ya pili, au meshi?

Kwa wasioweza kutoboa kuta zote, au wanaotaka simu zishike vizuri hadi uani, zinabaki njia hizi. Meshi ni seti ya vituo vya waifai vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja.

| Njia | Inafaa kwa nani | Inapoangusha | Kazi ya kufunga |
|---|---|---|---|
| Ripita ya waifai | Mpangaji, chumba kimoja, simu na kuvinjari kwa kawaida | Kompyuta kadhaa na mikutano ya video | Dakika chache |
| Ruta ya pili iliyovutiwa waya | Nyumba kubwa, ghorofa, chumba cha uani | Ikiachwa igawe anwani zake yenyewe | Waya na mipangilio kidogo |
| Meshi bila waya | Nyumba ya kuta nyepesi, mtu asiyetaka usumbufu | Zege na slabu kati ya vituo | Rahisi, ila mfuko unauma |
| Meshi yenye waya | Anayetembea na simu nyumba nzima akiwa kwenye mkutano | Haina ubaya zaidi ya bei | Waya |

Ripita inauzwa sana kwa sababu unaichomeka ukutani na vistari vya waifai vinajaa hapo hapo. Vistari vinakudanganya: vinakuonyesha nguvu kati yako na ripita, si kati ya ripita na ruta. Ile yenye redio moja inasikiliza kwanza, halafu inarudia, kwa hiyo kasi inapungua karibu nusu na chaneli inakuwa na msemaji mwingine wa kusubiriwa. Kama tatizo lako lilikuwa kompyuta nyingi kugombea zamu, umeongeza mgombea. Ukiinunua, iweke katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi ya ruta bado ni mazima. Kuiweka ndani ya chumba kisichoshika ni kuiomba irudie kitu ambacho nayo haikisikii.

Ruta ya pili mimi ndiyo naipa nafasi ya kwanza kwa nyumba yenye kompyuta kadhaa, hasa kwa kuwa wengi tunayo tayari: ile iliyobaki ulipohama kampuni, imelala kabatini. Kama haijafungwa na kampuni kiasi cha kutokukuruhusu kuingia kwenye mipangilio, hatua ni chache. Ipe anwani isiyogongana na ya kwanza, kwa mfano 192.168.1.2 kama ya kwanza ni 192.168.1.1. Zima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani. Kisha waya utoke mlango wa LAN (wa kuunganisha kompyuta za ndani) wa ruta kuu uingie mlango wa LAN wa hii ya pili. Ule wa WAN (wa kuingizia intaneti kutoka nje) uachwe wazi.

Hilo la DHCP ndilo linalowatoa watu jasho. Ruta mbili zikigawa anwani kwenye mtandao mmoja, kompyuta moja inapewa njia sahihi na nyingine inapelekwa kwenye ruta isiyo na intaneti. Leo inakata ya mtoto, kesho ya mama, na ukizima na kuwasha inapona kwa muda. Ukiona kukatika kunahama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine bila mpangilio, uliza kwanza kama kuna mtu amechomeka ruta au ripita nyingine mahali.

Na ukiona kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254, haijapewa anwani na ruta kabisa. Labda mgao wa ruta umewekewa idadi ndogo na umekwisha. Vile viruta vidogo vya mfukoni vya laini ya simu vina mpaka mkali zaidi, baadhi hukubali vifaa 10 au 16 tu, na familia yenye simu mbili mbili inafika hapo kabla ya chakula cha jioni. Ongeza ukubwa wa mgao, na ukishafika kwenye ukurasa huo badilisha nenosiri pia. La zamani huenda lilishamfikia mpangaji wa chumba cha uani na wageni wake.

Meshi ni kitu kizuri, simu inahama kituo bila wewe kujua. Ila vituo vyake vikizungumza kwa 5 GHz kupitia slabu ya zege, unalipa bei ya gari upande daladala. Ivutie waya au uiache. Vipo pia vifaa vya kupitisha intaneti kwenye nyaya za umeme za nyumba. Vinategemea mno soketi zako zimeunganishwaje, na havipendi ekstensheni. Sivipendekezi ila pale muuzaji anapokubali urudishe.

Kifurushi kikubwa dhidi ya kupanga foleni

Turudi kwa wale ambao ping haikatiki, inapanda tu. Hao ndio wanaokimbilia kuongeza kifurushi, na mara nyingine wako sahihi. Netflix yenyewe inashauri Mbps 5 kwa picha ya Full HD (1080p) na 15 kwa 4K. Mkutano wa video wenye picha nzuri unataka kama Mbps 3 hadi 4. Piga hesabu ya saa mbili usiku nyumbani kwako. Jumla ikipita kifurushi, huna ujanja, ongeza.

Lakini mara nyingi jumla haifiki hapo. Kilichojaa ni njia ya kupakia, ambayo hakuna anayeiangalia: simu inatuma picha za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni, kamera ya getini inatuma video, Windows ya mtu inapeleka masasisho kwa kompyuta nyingine. Ruta inapanga data zote hizo kwenye foleni moja ndefu, na kipande kidogo cha sauti yako kinasimama nyuma yake kama mgonjwa aliye kwenye bajaji nyuma ya malori ya bandarini Barabara ya Mandela. Kupakua nako kunakwama, kwa kuwa kompyuta inayopakua lazima itume ujumbe mfupi wa kukiri kupokea, na ujumbe huo uko kwenye foleni ile ile.

Dawa ni kuiwekea ruta kikomo cha kupakia cha kama asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima kweli, na kuwasha upangaji wa foleni kama ruta inao. Kwenye ruta zinazotumia OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, tafuta SQM, yaani sehemu ya kupanga foleni, uchague njia ya fq_codel au cake. Ruta nyingi tunazopewa na kampuni hazina hicho, zina sehemu ya QoS ya kuipa laptopu moja kipaumbele au kuwekea kifaa fulani kikomo. Hiyo nayo inasaidia. Usipopata chochote, fuata chanzo. Zuia simu zisihifadhi picha mpaka usiku wa manane, na kwenye Windows uweke mtandao huo kuwa wa kupimwa (metered connection) ili masasisho yatulie. Pima tena ping. Ikishuka, umeokoa ongezeko la kila mwezi.

Faiba au laini ya simu

Kipimo kikionyesha inakatia nje, uchaguzi ni mwingine. Kwa nyumba yenye kompyuta nyingi, faiba ikipita mtaani kwenu chukua faiba. Kasi yake haiyumbi sana, na kwa kuwa haiyumbi, kile kikomo cha foleni ukikiweka kinakaa. Ruta ya 4G au 5G inagawana mnara na mtaa mzima; asubuhi ina kasi ya kutisha, usiku inachechemea, na kikomo kilichofaa saa nne asubuhi hakifai saa tatu usiku. Ubora wake ni kwamba unahama nayo, na unaweza kujaribu laini za kampuni mbalimbali kabla ya kuamua. Iweke juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara, mbali na mabati na runinga. Mabadiliko ya kutoka sebuleni chini hadi dirisha la juu huwa makubwa kuliko ya kubadilisha ruta.

Faiba nayo ina udhaifu wake. Uzi wake ni kioo. Ukikunjwa kona kali nyuma ya kochi, mwanga unavuja na intaneti inakata kila kochi likisogezwa. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Hapo piga simu kwa kampuni na uwaambie hivyo hivyo, "LOS ni nyekundu", wataruka ile hatua ya zima uwashe. Na zipo siku kosa liko baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania nzima ilitambaa, wa faiba na wa laini ya simu pamoja, na waliokimbilia dukani siku hiyo walinunua ruta bure.

Kama kazi yako haivumilii kukatika, chukua faiba kuwa kuu na laini ya simu ya akiba, ya kampuni tofauti na ya faiba. Baadhi ya ruta zinapokea vyote viwili na kuhama zenyewe kimoja kikianguka. Zisipokuwepo, simu yako yenye bando na waya wa USB kwenda kwenye laptopu inatosha kumaliza mkutano. Tumia waya huo badala ya hotspoti, betri nayo itachaji.